"Nikilipwa Nitakulipa"

Jumamosi moja mwaka 2019, hapa Dodoma, nilikaa juu ya tofali nje ya geti la saiti pamoja na vijana kumi na wawili niliowaleta kusuka nondo. Zege la ghorofa ya pili lilishamwagwa, kazi yetu imefukiwa humo, haionekani tena. Mkandarasi mkuu akapita na gari, akashusha kioo: "Fundi, vumilia. Cheti cha malipo hakijatoka. Nikilipwa nitakulipa." Cheti hicho ndicho kinachoonyesha kiasi ambacho mwenye mradi anapaswa kumlipa yeye. Mama ntilie aliyetukopesha ugali wiki tatu alikuwa amesimama pale na daftari lake la madeni. Yeye hakuwa na mtu wa kumwambia maneno hayo.

Tangu Serikali ihamie huku, Mtumba hadi Nzuguni majengo yanaota, na kauli hiyo haikauki midomoni. Wengine wanaiandika kabisa kwenye mkataba. Naipinga kwa moyo wote. Mwenye mradi simjui, sina mkataba naye, siwezi kumdai. Aliyekubaliana naye bei na masharti ni mkandarasi mkuu. Malipo yakichelewa, kwa nini njaa ije kwangu kwanza? Uingereza walikibana kipengele hiki kwa sheria ya mwaka 1996: hakina nguvu, isipokuwa mwenye mradi akifilisika. Bunge letu liko hapahapa mjini. Litunge sheria kama hiyo.

Mafundi wengi hudhani bila mkataba wa maandishi huna haki. Unayo. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, na una miaka 6 ya kufungua shauri. Kinachotuangusha ni ushahidi: nondo zikishamezwa na zege, nani atazihesabu? Mimi niliokolewa na daftari la shule. Kila jioni niliandika kipenyo, urefu na idadi, msimamizi wa saiti akasaini. Kurasa zake zina alama za vidole vyenye kutu. Mkandarasi alipokana tani mbili, tulilifungua mbele ya mwanasheria wake, akanyamaza. Nililipwa baada ya miezi 11, pikipiki nimeshauza.

Siku hizi sianzi kazi bila tarehe ya malipo: siku 30 tangu vipimo visainiwe, cheti kitoke kisitoke. Nimekosa kazi mbili kwa msimamo huo.

Vijana wangu watatu waliacha nondo mwaka ule, wakaingia bodaboda. Mmoja alikuwa akisuka nguzo haraka kuliko mimi.