Deni Limefutwa Daftarini, Shingoni Bado Lipo

Januari 2018 nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia benki imenifutia deni la gari. Mama akasema alhamdulillahi, akaniombea dua, na jioni ile akagawa maandazi kwa watoto wa jirani. Nami niliamini nilichomwambia. Barua ilikuwa mezani, nimeisoma mara tatu, na kila mara naona maneno yaleyale: mkopo wako uko "charged off". Kwa Kiswahili nilichokulia nacho, kufuta deni ni kusamehe. Aliyekufutia amekuachia, yameisha.

Hayakuwa yameisha, na ndiyo maana naandika. Tangu hapo nimekutana na Waswahili wengi hapa Houston, jimbo la Texas, Marekani, wa kwetu na wa Kongo, walioisoma barua ya namna hiyo kama nilivyoisoma mimi.

Niliacha kulipa mwezi Septemba 2017. Kimbunga Harvey kilikuwa kimepita mwisho wa Agosti, ghala nililokuwa nafanyia kazi likajaa maji, saa za kazi zikakatwa hadi sikuweza kulipa kodi ya nyumba na gari kwa pamoja. Nikachagua nyumba. Nilikuwa bado nadaiwa dola 11,400 kwa gari lililotumika, mkopo wa riba ya asilimia 19, kwa sababu mgeni asiye na historia ya mikopo hapa mara nyingi hupewa riba ya juu. Kwa kanuni za wasimamizi wa mabenki Marekani, mkopo wa aina hii ukifikisha siku 120 bila kulipwa, benki hutakiwa kuuhesabu kuwa hasara katika vitabu vyake. Barua yangu haikusema zaidi ya hapo. Benki ilikuwa inaacha kujidanganya yenyewe kwamba mkopo ule bado ni mali yake. Mimi deni nilikuwa nalo vilevile, na jina la benki lilikuwa bado limeandikwa kwenye hati ya gari.

Gari walilichukua wiki tatu baadaye, saa 9 usiku. Nilisikia mnyororo. Nilipofungua pazia nililiona limeshainuliwa upande wa mbele, na kiti cha mwanangu kinaonekana kwenye kioo cha nyuma, chenye taulo lake la Simba nililotumiwa kutoka nyumbani. Sheria ya Texas inawaruhusu kulichukua bila amri ya mahakama, mradi wasivunje amani: wasikutishe, wasivunje geti. Vitu vilivyomo ndani ni vyako na wanapaswa kukurudishia. Kiti nilikipata. Taulo sikulipata.

Likapigwa mnada kwa dola 5,100. Wakaongeza gharama za kulivuta na kulihifadhi, 550, na ile barua iliyofuata ikanidai 6,850. Nadaiwa gari ambalo halipo tena mlangoni.

Hapa ndipo huwa namkumbuka kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyepewa bodaboda ya mkataba. Analeta hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, mwaka na kitu ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mwezi wa tisa akaugua, akashindwa, bosi akaichukua pikipiki. Yule kijana alipoteza kila alichotoa, na niliona ni dhuluma, naona hivyo hadi leo. Lakini pikipiki iliporudi kwa mwenyewe, deni lilikufa palepale. Hakuna aliyemfuata baada ya mwaka kumwambia pikipiki iliuzwa bei ndogo, lete zilizobaki.

Sisemi nyumbani ni peponi. Nimemwona kwa macho yangu mama ntilie akibebewa mtungi wa gesi na sufuria zikiwa bado na wali, wateja wamekaa, kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, wa laki mbili. Alilia mbele ya watu wote. Huku hakuna aliyenipigia kelele mtaani. Huku mkusanya madeni haruhusiwi kukupigia simu kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, wala kukutishia kifungo, na sheria hiyo ipo tangu 1977. Kama yule mama angekuwa na ulinzi wa namna hiyo, na akajua anao, wale vijana wasingegusa sufuria zake.

Kinachonichoma na deni la huku ni kwamba halina mwenyewe. Nyumbani, hata na mkopeshaji mbaya, unajua pa kwenda. Unatanguliza mjomba, unakaa sebuleni kwake, unapewa maji, unaomba muda. Mimi nilipopiga simu benki kutaka kuzungumza, nikaambiwa deni langu wameshaliuza. Wameliuza! Kampuni ya jimbo jingine, ambayo sikuwahi kutia saini yoyote nayo, ililinunua kwa bei ambayo sikuambiwa, na sasa inanidai lote. Kijana aliyenipigia alikuwa mpole, akanitaja kwa jina langu la katikati ambalo hata kazini hawalijui.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kikongo tunayesali naye jirani. Aliniambia usiahidi chochote kwenye simu, andika barua, ndani ya siku 30, uwatake wathibitishe deni ni lako na ni kiasi gani. Nikaandika. Wakaleta karatasi, tukabishana kwa barua miezi, na mwaka 2019 tukakubaliana nilipe dola 2,600 yaishe. Nilidai hayo maneno kwa maandishi kabla sijatuma hata senti.

Mwanzoni mwa 2020 ikaja fomu ya 1099-C: zile dola 4,250 walizonisamehe zinahesabiwa kuwa kipato changu na natakiwa nizitaje kwenye kodi. Nilikaa chini. Msamaha wenyewe una kodi. Baadaye nikafahamu kwamba mtu ambaye madeni yake yalikuwa yanazidi mali zake wakati anasamehewa anaweza kuondolewa kodi hiyo, kwa kujaza fomu namba 982. Nilijaza. Jirani yangu wa Bujumbura hakujua, akalipa.

Na lile doa kwenye ripoti ya mikopo hukaa miaka 7. Kwa miaka hiyo nimelipa amana mara mbili ya wenzangu kupata nyumba ya kupanga.

Kwa hiyo nawaomba wanaowatafsiria wageni hospitalini, makanisani, misikitini, kwenye ofisi za wakimbizi: msiseme "deni limefutwa". Semeni benki imelihesabu deni kuwa hasara, na wewe bado unadaiwa. Maneno ni mengi zaidi, lakini mtu akiyasikia atapiga simu benki siku hiyohiyo badala ya kupiga simu nyumbani kushukuru. Na ukiwahi kusema kabla deni halijafika huko, benki inaweza kukubali kusogeza malipo mbele. Mimi nilinyamaza kwa aibu, kama nilivyofundishwa kwamba mwenye deni hainui kichwa, na ukimya wangu wao waliuhesabu siku kwa siku.

Mwaka 2022 kampuni ya tatu ilinipigia, inataka 6,850. Niliwatumia nakala ya barua ya makubaliano na risiti ya ile 2,600. Hawakupiga tena. Barua yenyewe ninayo, kwenye bahasha moja na pasipoti na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu.