Medici wa Florence: wafadhili, au waliuteka mji kimya kimya?

Ukitaja Medici, ile familia ya Florence huko Italia, watu wanakimbilia wasanii wao Michelangelo na Botticelli, kama vile kazi ya ile familia ilikuwa kununua rangi na mawe tu. Hawa hawakuzaliwa wakubwa jamani. Walitokea Mugello, vijijini nje ya Florence, na mwaka 1397 Giovanni di Bicci akafungua benki, faida nono ikatoka kwenye kushika hela za Papa. Ukubwa wa ukoo ulikuja baadaye sana.

Wanaowatetea wana hoja, tusiwabeze. Cosimo, mtoto wa Giovanni, riba ilikuwa inamkosesha raha maana kanisa linaihesabu dhambi, basi akamwaga hela kuijenga upya monasteri ya San Marco pamoja na maktaba ambayo hata wasomi wa nje waliingia kusoma. Lorenzo mjukuu wake alikuja kupiga hesabu akakuta toka 1434 mpaka 1471 familia imetoa florini (sarafu za dhahabu za Florence) 663,755 kwa majengo, sadaka na kodi. Na kodi imo humo humo! Yaani mtu analipa kodi kama raia wengine halafu anaiandika kwenye daftari la wema wake, hapo mi nilicheka.

Upande wa pili ndo mzito. Florence ilikuwa jamhuri, majina ya viongozi yanachotwa kwenye mifuko kama bahati nasibu, safi kabisa kwa macho, ila watu wa Cosimo ndo walikuwa wanaamua jina la nani liingie mfukoni. Hana taji, hana jeshi lake, na bado hakuna kinachopita bila yeye kujua, na mpinzani akileta ubishi anakadiriwa kodi mpaka anafilisika. Lorenzo naye mwaka 1472 ulipozuka ugomvi wa mgodi wa shabu kule Volterra, mji uliokuwa chini ya Florence, shabu ile ya kushikisha rangi kwenye nguo, alipeleka askari na mji ukaporwa. Aprili 1478 familia ya Pazzi, wapinzani wao mjini, ikajaribu kumuua Lorenzo na mdogo wake Giuliano ndani ya kanisa kuu, Giuliano akauawa, Lorenzo akatoka na jeraha la shingo, kisasi chake kilikuwa cha kutisha, hadi askofu mkuu wa Pisa akanyongwa akaning'inizwa dirishani.

Watetezi watasema mbona miji yote ya Italia ilikuwa na wababe wake, Milan ilishikwa na familia ya Sforza kwa mapanga, afadhali mwenye benki. Sawa, nakubali hapo kidogo. Lakini muulize Michelangelo, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Lorenzo, maana mwaka 1529, Medici wakiwa wamefukuzwa mjini, majeshi yalipokuja kuwarudisha kwa nguvu, yeye ndo alikuwa anasimamia ngome za mji dhidi yao. Mtu aliyekula mezani kwao!

Mi naona sifa tunampa mtu asiye wake. Picha na masanamu yale Lorenzo na wenzake waliyaweka majumbani na makanisani kwao ili waonekane, na mali ya nyumbani inaweza kuuzwa au kugawiwa siku yoyote. Aliyefanya viwe vya watu ni Anna Maria Luisa, wa mwisho kabisa. Kaka yake Gian Gastone alikufa 1737 bila mtoto, na mataifa makubwa ya Ulaya yalishampa Francis wa Lorraine ile Tuscany yote, yaani Florence na maeneo yake ambayo Medici walikuwa wameshakuwa watawala wake wa kurithishana, yeye mwanamke hakuruhusiwa kurithi utawala. Alichobaki nacho ni hazina ya familia, akaitoa kwa mkataba wenye sharti kwamba hakuna kitu kitakachotoka Florence, vibaki kwa faida ya umma na kuwavuta wageni. Alifariki 1743. Uffizi, jumba la makumbusho lenye sanaa hizo, ilipofunguliwa rasmi kwa wananchi mwaka 1769 yeye alikuwa kaburini mwaka wa 26, na wageni hao aliowataja mpaka leo wanapanga foleni pale nje.