Acheni kuufukia mndimu shina

Nyua nyingi za Pwani zina mndimu, na chini yake mara nyingi utakuta kichuguu cha samadi kimeegemezwa shinani, kisha maji yanamwagwa papo hapo kila jioni. Mwenye mti anaamini anautunza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mindimu mingi ya nyumbani inapouawa, tena na watu wanaoipenda.

Gome la mndimu halivumilii kulowa muda mrefu. Kwenye udongo wenye unyevu huishi vimelea viitwavyo faitofthora, ambavyo husafiri kwa maji na kuingia kwenye gome lililolainika. Hula gome kulizunguka shina, na chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini. Piga magoti uangalie inchi chache juu ya udongo: utaona matone ya gundi ya kahawia na gome lililopasuka. Likwangue kidogo kwa kisu. Chini yake panapaswa kuwa na rangi ya kijani hafifu au nyeupe. Ukikuta kahawia yenye harufu ya uozo, ugonjwa umeshaingia. Kule juu majani huwa yamenyauka rangi na mti huenda ukazaa matunda mengi madogo. Mwenye mti hudhani una njaa, akaongeza samadi.

Dawa yake ni kufukua udongo mpaka mizizi mikubwa ya kwanza ionekane, kukwangua sehemu iliyooza hadi ufikie gome zima, kuacha pakauke, kisha kupaka dawa ya kopa, yaani dawa ya ukungu yenye madini ya shaba, iliyokorogwa nzito kama uji. Ikiwa uozo umepita nusu ya mzunguko wa shina, ung'oe, na hapo usirudishe jamii yoyote ya michungwa.

Lakini tatizo kwa kawaida huanza siku ya kupanda. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi. Jaza shimo na uliache wiki mbili. Watu wengi huruka hatua hii, kumbe udongo uliofukuliwa hushuka, na mche ukiwa ndani hushuka nao mpaka shina likafukiwa lenyewe. Panda masika yanapoanza, shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ikiwa juu ya usawa wa ardhi kwa sentimita 5 hivi, na kovu la kubebeshea, yaani pale ndimu ilipounganishwa na mzizi wa mti mwingine, likiwa juu ya udongo kwa sentimita 15 au zaidi. Penye mfinyanzi, inua tuta la sentimita 30, kisha panda juu yake. Kati ya mti na mti acha mita 5.

Maji na mbolea viwekwe kwenye pete inayoanza sentimita 30 kutoka shinani, na kila mwaka pete isogee nje kufuata ukingo wa kivuli, maana mizizi inayonyonya iko huko. Mche mchanga unatosheka na ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Matandazo ya nyasi kavu ni mazuri sana, unene wa sentimita 10, ila yaache shina wazi kwa shubiri moja.

Machipukizi yanayotoka chini ya kovu la kubebeshea si ndimu. Mara nyingi ni mlimau uliotumika kama mzizi, wenye nguvu kuliko kilichobebeshwa, na ukiuachia utautawala mti wote. Yavunje kwa mkono yakiwa laini. Ukikata kwa panga unaacha macho yatakayochipua upya.

Majani nayo yasomwe kabla ya kununua mbolea. Majani makuukuu yakigeuka manjano yote, mti unataka naitrojeni: gramu 50 za CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kwa mche mdogo, yaani visoda 10 hivi, mvua zinapoanza. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, hasa kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kinachokosekana ni madini ya chuma au zinki ambayo mizizi inashindwa kuyachukua. CAN haitasaidia hapo. Nyunyizia majani mbolea ya maji yenye madini hayo.

Viwavi vinavyofanana na kinyesi cha ndege vitoe kwa mkono asubuhi, kwani vichache tu humaliza majani ya mche. Vidomozi, yaani viwavi vidogo sana wanaochora mistari ya fedha ndani ya majani, ni tatizo la miche. Mti mkubwa huwamudu, na kuupulizia sumu kwa ajili yao ni kuua wadudu wanaowala. Ukiona ukungu mweusi kwenye majani, usihangaike na ukungu wenyewe: tafuta wadudu mafuta au vidugamba, yaani wadudu wadogo wenye magamba, upande wa chini wa jani, maana unaota juu ya utamu wanaoutoa. Maji ya sabuni yanatosha kwa wadudu mafuta.

Ndimu zichumwe umande ukishakauka. Ganda likiwa limelowa hujaa maji, na likibanwa kidogo tu mafuta yake huvuja na kuacha mabaka ya kahawia siku chache baadaye. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute. Kisha nawa mikono vizuri kabla ya kurudi juani, kwani maji ya ndimu yakipigwa na jua huibabua ngozi mpaka ikatoa malengelenge.