Mlango Mbovu Unatosha Kubeba Treni

"Mjomba, mbao ni mninga. Hizo laini ni za kufungia zege." Ndivyo alivyonijibu fundi seremala mmoja hapa Mtwara mjini, nilipomwambia nataka meza ya kutandikia reli za treni ndogo za mfano. Sikubishana naye. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua: mbao za zege ndizo hasa ninazozitaka, tena zilizokwisha tumika.

Nimeshaumia. Meza ya kwanza niliiunda kwa mbao mpya za paini, mbili kwa mbili, zimeshuka kwenye lori bado mbichi, nzito kama zimelala mtoni. Nikapiga fremu, nikaweka plaiwudi ya bei mbaya, nikatandika reli. Mwezi wa pili fremu ikajinyonga. Kwenye kiungo kimoja reli ikainuka, unene wa kucha tu, lakini reli zikiwa zimeachana milimita 9, kucha ni mlima. Behewa la tatu likawa linaanguka pale pale kila mzunguko. Plaiwudi niliyoitegemea ilifuata fremu ilikokwenda.

Toka siku hiyo siulizi mbao ni ya mti gani. Nauliza kama imeshamaliza kupinda. Mbao ya zege imeloweshwa na saruji, ikaanikwa juani, ikapigwa misumari, ikang'olewa, ikaloweshwa tena. Iliyobaki imenyooka baada ya mateso yote hayo haina sababu ya kukugeuka ukiiweka chumbani kivulini. Shika ncha moja, fumba jicho, tazama ukingo wake mpaka mwisho. Nyingi utazirudisha. Na usimpelekee fundi aipige randa kabla hujang'oa misumari yote na kuisugua kwa brashi ya waya, la sivyo mtakosana.

Uso wa meza ni mlango wa flashi, ule uliotolewa kwenye ukarabati wa nyumba. Ndani ni uwazi mtupu, kwa hiyo unaubeba peke yako, na plaiwudi nyembamba za pande zote mbili huvutana ukabaki umenyooka. Wangu una futi 7 kwa karibu 3. Upana huo haufai kwa treni za kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, ndogo mara 87 kuliko treni halisi: kona yake ya inchi 18 toka katikati inakupa duara la sentimita 91, hapo hujaacha hata ukingo. Za kipimo cha N, 1 kwa 160, ndizo zangu, zinazunguka na nafasi ya kijiji inabaki. Skrubu zipige pembeni kwenye fremu ya mlango. Katikati hazina pa kushika.

Ninachounda ni ile reli ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga enzi za ukoloni, kutoka bandari yetu ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mjuzi ataniambia ile ilikuwa ya upana wa mita moja, na milimita 9 kwa kipimo cha N ni kama mita 1.44. Najua. Kwa bei ya mlango mbovu, nimesamehe.

Majabali ya Masasi nimeyachonga kwa lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya friji. Wenye maduka wanalitupa. Ligandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mimi nilianza na gundi ya fundi viatu, ikala nusu ya jabali mbele ya macho yangu.

Kuna mchwa pia, na huku kwetu mchwa hana masihara. Miguu minne nimeisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu, kama kabati la chakula la bibi, na meza haigusi ukuta. Oili yenyewe sikuipaka kwenye mbao, maana chumba ndicho hicho hicho ninacholala.

Tundu la kitasa sikuliziba. Limeangukia nyuma ya stesheni ya Nachingwea, na nyaya zote za umeme zinapita humo kwenda chini.