Mama wa Kadutu anajua kuweka akiba, tumfundishe hesabu

Sisi tunaojitolea kufundisha akiba na biashara ndogo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tuna tabia moja ambayo ningependa tuiache: kufika mtaani Kadutu na kuwahubiria akina mama umuhimu wa kuweka akiba. Mama zetu walikuwa wakicheza likelemba, yaani kuchangishana na kupokezana kwa zamu, kabla sisi hatujazaliwa. Wengi wao wako pia kwenye MUSO, vikundi vya kusaidiana, na kisanduku cha kijani cha akiba na mikopo wanakitofautisha vizuri na chekundu cha msiba na ugonjwa. Wanaambiwa wajinyime, nao wamejinyima tangu asubuhi.

Kinachowaumiza ni mtaji kuliwa bila wao kujua umeliwa lini.

Chukua mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Tuseme beseni amelinunua kwa franka 60 000. Usafiri, mifuko na ushuru wa soko vikamtoa 4 000. Hadi jioni ameuza vya 74 000, anashukuru Mungu: faida ni 14 000. Lakini zile 4 000 hakuzitoa kwenye hesabu, na kati ya mauzo hayo 8 000 ni deni la majirani. Mkononi ana 62 000. Ananunua unga na makaa ya 10 000, kwa moyo mweupe kabisa, maana anaamini anakula faida. Kesho alfajiri ana 52 000 na beseni bado ni 60 000. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani kuchukua 8 000 za kurudishwa jioni hiyo hiyo na nyongeza juu. Tazama vizuri: anakopa kwa riba kiasi kile kile alichowakopesha majirani bure.

Hesabu hiyo, ikifanywa naye kwenye daftari lake, kwa bei zake za jana, inafundisha kuliko semina ya siku tatu yenye soda na nauli. Asiyejua kuandika anatumia mifuko miwili, wa mtaji na wa nyumbani, na mtoto wake anayesoma anaandika majina ya wadaiwa. Tena tumfuate kwenye meza yake, mchana wateja wanapopungua. Ukimwita ukumbini saa tatu asubuhi umemnyang'anya saa zake za kuuza.

Tangu Februari 2025, benki zilipofunga milango mjini, suala la kutunza akiba nalo limekuwa zito zaidi. Pesa nyingi kulala kwenye kisanduku ni hatari, hata kama kina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mimi nashauri vikundi vikopeshe karibu fedha yote siku ya mkutano, mbele ya wote, kisanduku kirudi chepesi. Na wanaoweka kwa dola wakague kila noti inapoingia, kwa sababu noti yenye kitobo au iliyochanika ukingo itakataliwa sokoni, na hasara itamwangukia atakayegawiwa hiyo.

Kuna wenzangu wanaokimbilia kutafuta fedha ya wafadhili, ile ya kisanduku cha bluu. Sikubaliani nao. Fedha ya nje ikiingia kabla kikundi hakijamaliza hata mzunguko mmoja, watu huiona kama zawadi, na kulipa kunalegea. Kwanza wakopeshane jasho lao. Mtu anayedaiwa na mama anayekaa naye meza moja hulipa.

Kwa hiyo anayetaka kujitolea, awe mwanafunzi au mwalimu mstaafu, simdai shahada ya uchumi. Namuomba ajue kujumlisha na kutoa, awe na subira, na akubali kufuatana na kikundi kimoja hadi siku ya kugawana akiba, maana siku hiyo ndiyo yenye ugomvi mkubwa kuliko zote, na daftari lililoandikwa vizuri linahitaji mtu wa kulisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote.