Siku Niliyovuka Kwenda Ufaransa kwa Ngazi

Shemeji, mume wa dada yangu, ana ugonjwa mmoja: akizima gari tu, kalala. Siku aliyonipeleka St Margaret's Bay, karibu na Dover, aliegesha juu kijijini, akalaza kiti, akaniambia, "Shuka ukaitazame hiyo bahari yako. Saa tisa uwe hapa. Ukichelewa nakuacha, nina zamu ya usiku."

Bahari ilikuwa yangu kwa sababu njia nzima kutoka London nilikuwa namsomesha. Kwamba hapo ndipo Uingereza na Ufaransa zinapokaribiana kuliko kokote, kilomita 33 tu, boti ya Dar kwenda Unguja inapita zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwamba zamani palikuwa nchi kavu, mtu anapita kwa miguu. Kwamba Calais, mji wa ng'ambo, Waingereza waliushika hadi 1558 wakanyang'anywa. Kwamba Matthew Webb aliogelea mpaka huko mwaka 1875, kajipaka mafuta mwili mzima, akatumia karibu saa 22. Shemeji akanijibu, "Nasikia samaki wa huku ni watamu."

Nikashuka ngazi. Jabali jeupe kama chaki, na ni chaki kweli: ukilipapasa unabaki na unga viganjani kama mwalimu wa darasa la tatu. Nikalipapasa sana, mshamba ni mshamba. Halafu nikakaa juu ya kokoto kuitazama Ufaransa, mstari wa kijivu ng'ambo ya maji.

Simu ikalia. Ujumbe: karibu Ufaransa. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaona saa: 15:12.

Kicheko kikakauka. Kumi na tano toa sita, saa tisa. Na dakika 12! Nikampigia shemeji, hapokei. Nikampigia dada.

"Dada, mwambie mumeo asiniache! Simu inasema niko Ufaransa, na..."

Salio likaisha.

Hapo inabidi niseme kwamba dada alinionya tangu uwanja wa ndege: viza yangu ni ya Uingereza peke yake, nikitia mguu nchi nyingine, yeye hanijui.

Ngazi zile kuzishuka ni raha, kuzipanda ni kesi nyingine. Ya kwanza kwenda ilikuwa koti. Kisha sweta. Nikawakumbuka Blanchard na Jeffries, waliovuka bahari hiyo kwa puto mwaka 1785: puto likawa linashuka, wakatupa majini kila kitu, mpaka nguo walizovaa. Mimi suruali niliibakiza, lakini ni kwa sababu kulikuwa na bibi mmoja anashuka na mbwa.

Nafika juu, gari lipo. Shemeji kakaa wima, macho mekundu ya usingizi, simu kaiweka kwenye spika.

"Kavukaje?" dada analia. "Kavuka na nini?"

"Wengine huwa wanaogelea," shemeji akasema taratibu. "Kuna mmoja, 1875..."

Kumbe alikuwa anasikiliza!

"Saa ngapi?"

"Karibu 22."

"Si mmetoka hapa saa tatu asubuhi! Sasa hivi ni saa nane na nusu!"

Nusu? Nikaitoa simu yangu mfukoni. 14:31. Kumbe kule chini jabali linazuia mtandao wa Uingereza, simu inadaka wa Ufaransa, na Ufaransa wako mbele kwa saa moja. Nimekimbia ngazi zote zile, nimefika kabla sijaondoka.

"Shemeji," nikasema, nahema kama mbuzi wa mnadani.

Simu ikanyamaza kidogo. "Huyo nani?"

"Ndiye yeye," shemeji akasema.

"Kesharudi?"

Shemeji akanitazama kuanzia fulana iliyolowa jasho hadi viganjani. "Karudi. Ila mikono yote ina unga mweupe."

"UNGA GANI?"