Namba 4,294,967,297 si namba tasa

Makala ninayoijibu inaitaja 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kuongeza 1, kuwa namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) kwa hoja kwamba haigawanyiki kwa 3, 5, 7 wala 11. Hoja hiyo haitoshi, na ninamwomba mhariri airekebishe. Katika karne ya 17 mwanahisabati Pierre de Fermat naye aliamini kwamba namba zote za mfululizo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila mara kuongeza 1, ni tasa, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Lakini mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba inayofuata, yaani 4,294,967,297, ni zao la 641 na 6,700,417. Kinachonivutia zaidi ni jinsi 641 inavyopatikana: kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64, kwa hiyo badala ya kupitia namba tasa zote, mtu huanza na 193, kisha 257, 449 na 577, na ya tano ni 641 yenyewe. Kazi hiyo, kwa kweli nzuri mno, inawezekana kwa kalamu na karatasi tu. Kwa kuwa 6,700,417 nayo ni tasa, 4,294,967,297 ina vigawo vinne pekee, ikihesabiwa 1 na yenyewe.